Hesabu Kabla ya Kushona

Shashi thelathini zimeingia, thelathini zitoke.
Sindano kumi na mbili. Koleo tisa. Mikasi mitatu.
Nahesabu kwa sauti, na kwa sauti najibiwa,
kwani mwili wa mtu si droo ya kusahaulia vitu.
Hesabu isipotimia, hakuna anayeshona:
awe profesa, awe nani,
mikono juu, tunatafuta.
Hapa Cluj, hospitali ya chuo, ghorofa ya tatu,
mlinzi wa sheria hiyo ni mimi, Rodica,
miaka kumi na tisa katika viatu vya mpira vya kijani.

Hiyo ndiyo hesabu niliyofundishwa.

Profesa Vlaicu hupita nyuma yako pale kwenye sinki,
penye nafasi ya watu watatu,
na bado kiuno chako humzibia njia.
Mikono yako umeshaitakasa, umeiinua,
maji yanachuruzika viwikoni.
Ukimsukuma umejichafua, unaanza upya,
na mgonjwa kalala, tumbo wazi kwa taa.
Anajua.
Ndiyo maana huchagua hapo.

Kinga yetu ilikuwa mnong'ono:
usipande naye lifti;
akikuita ofisini acha mlango wazi, sema unaona joto,
hata kama nje theluji imefika magotini;
vaa fulana ya pili ndani.
Nikiwakabidhi wageni ufunguo wa kabati
niliwakabidhi na hayo,
nikajiona mama mwema.

Smaranda alikuja Februari, daktari mwanagenzi,
mashavu bado mekundu kwa baridi ya milimani kwao.
Alinisikiliza hadi mwisho, anatafuna mkate wa ufuta,
kisha akauliza:
"Na yeye, nani humpa maonyo yake?"

Nikacheka.
Kicheko kikanikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Usiku ule, jikoni, nyuma ya bili ya gesi,
nikahesabu.
Tarehe. Saa. Sinki, au lifti, au chumba cha picha.
Nani alikuwepo, nani alitazama vigae.
Anca, aliyehamia Timișoara bila kuaga.
Otilia, mikono mizuri kuliko yote niliyoiona, sasa anauza viatu.
Kumi na mmoja.
Wa kumi na mbili nilimwandika mwisho,
mwandiko ukisinyaa kadiri ninavyokaribia jina langu.

Wanasema mficha maradhi, kilio humfichua.
Sisi tulificha maradhi ya mtu mwingine,
na kilio kikawa chetu.

Ofisi ya malalamiko iko chini kabisa,
jirani na wanaporudisha magongo.
Bibi Crețu alinipa fomu, akanipa na kalamu yake.
"Lazima nikuulize," alisema, "kwa nini hukusema mapema?"
Nikamwambia: shashi yaweza kukaa tumboni miaka kumi.
Haiumi kila siku.
Bado ni shashi.
Aliandika hilo, neno kwa neno. Nilimwona.

Smaranda alitia saini. Otilia alipanda basi, akatia saini.
Anca bado hajajibu, nami simsukumi.
Daktari Pintea hanisalimu tena;
eti yule mzee ameokoa watu wangapi?
Najua wangapi. Hao pia niliwahesabu.

Wiki ya tano sasa, kamati ingali inakaa.
Agizo limebandikwa: sinkini mtu asiwe peke yake.
Karatasi moja, gundi mbaya, kona imeshabanduka;
kila asubuhi naibana tena kwa kidole gumba.

Jumanne tulikuwa na kibofu cha nyongo, kazi ndefu.
Vlaicu akanyoosha mkono apewe uzi,
asiniangalie.
"Hesabu imetimia?"

Mashine ilipumua. Smaranda aliinua macho juu ya barakoa.
Shashi thelathini. Sindano kumi na mbili.

"Ya mgonjwa," nikasema, "ndiyo."